Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ernest Beutler, Mtafiti wa Magonjwa ya Damu na Madini ya Chuma Mwilini

Maswali haya ni yale ambayo wanafunzi wa maabara, wauguzi na wagonjwa huuliza wanapokutana kwa mara ya kwanza na jina la Beutler, mara nyingi wakiwa wameshika karatasi ya majibu yenye maneno kama G6PD (kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu) au feritini (protini inayoonyesha akiba ya chuma mwilini). Majibu yameandikwa kwa msomaji ambaye si lazima awe daktari, ila ana subira ya kufuata hoja hadi mwisho.

Ernest Beutler alikuwa nani?

Alikuwa daktari na mtafiti wa magonjwa ya damu nchini Marekani. Alizaliwa Berlin, Ujerumani, tarehe 30 Septemba 1928, katika familia ya Kiyahudi ambamo baba na mama wote walikuwa madaktari. Utawala wa Wanazi ulipozidi kuwabana Wayahudi, familia hiyo ilihama katikati ya miaka ya 1930 na kwenda kuishi Milwaukee, jimbo la Wisconsin. Kijana huyo aliingia Chuo Kikuu cha Chicago akiwa na umri wa miaka 15, na mwaka 1950 alihitimu udaktari akiwa na miaka 21, umri ambao wengi wetu tunakuwa bado tunahangaika na mitihani ya mwaka wa kwanza au wa pili.

Mwaka 1959 alihamia kituo cha tiba cha City of Hope katika mji wa Duarte, California, akaongoza idara ya tiba kwa karibu miaka ishirini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alihamia taasisi ya Scripps huko La Jolla, pia California, na huko ndiko alikofanya kazi hadi alipofariki dunia tarehe 5 Oktoba 2008, siku tano baada ya kutimiza miaka 80. Ukizisoma kazi zake kwa mfululizo utaona kwamba, hata alipobadilisha ugonjwa anaouchunguza, swali lake halikubadilika: kasoro hii imekaa mahali gani hasa, na je, inaweza kupimwa?

Alianzia wapi katika utafiti?

Alianzia katika malaria, na kwa sababu za kijeshi. Wakati wa vita vya Korea, askari wengi wa Marekani walikuwa wakirudi nyumbani na vimelea vya malaria ya aina ya vivaksi vilivyojificha kwenye ini, ambavyo huamka baada ya miezi kadhaa na kuleta homa upya. Dawa ya primakwini iliweza kuviua vimelea hivyo. Tatizo ni kwamba baadhi ya waliomeza dawa hiyo, hasa Wamarekani Weusi, walipatwa na hali ya kutisha: baada ya siku chache mkojo uligeuka kuwa mweusi, macho yakawa ya njano, na wingi wa damu ukashuka ghafla, kwa sababu chembe nyekundu za damu zilikuwa zikivunjika. Ilikadiriwa kwamba kati ya wanaume Weusi kumi, mmoja aliathirika kwa namna hiyo.

Jeshi lilikuwa na mradi wa utafiti wa malaria ulioongozwa na Alf Alving wa Chuo Kikuu cha Chicago, ukifanyika katika gereza la Stateville karibu na mji wa Joliet, jimbo la Illinois. Beutler alipelekwa huko akiwa daktari kijana wa jeshi.

Walijuaje kwamba kasoro imo ndani ya chembe nyekundu zenyewe?

Hapa inafaa tutulie kidogo, kwa sababu jaribio lililojibu swali hili ni mojawapo ya majaribio safi kabisa katika historia ya tiba ya damu. Mtu akivunjika chembe nyekundu baada ya kumeza dawa, kuna uwezekano wa aina mbili. Huenda mwili wake unaigeuza dawa kuwa sumu, na chembe yoyote itakayokuwa ndani ya mwili huo itaangamia. Au huenda mwili hauna tatizo lolote, bali chembe zenyewe ni dhaifu, na zingeangamia hata zikiwa ndani ya mwili wa mtu mwingine.

Raymond Dern na wenzake katika mradi huo walizitia chembe alama ya kromiamu yenye mnururisho, kisha wakazihamisha. Chembe za mtu anayedhurika na primakwini ziliwekwa ndani ya mtu asiyedhurika; chembe za asiyedhurika zikawekwa ndani ya anayedhurika. Halafu wote wakapewa dawa. Chembe dhaifu zilivunjika hata zilipokuwa ugenini katika mwili wenye afya, ilhali chembe nzima zilisalimika hata zilipokuwa ndani ya mwili wa yule anayedhurika. Kwa hiyo kasoro ilikuwa imo ndani ya chembe. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1954.

Beutler aliendeleza kazi kutoka hapo. Kulikuwa na jambo moja lisiloeleweka: mgonjwa akiendelea kupewa dawa ileile kwa kipimo kilekile, damu yake iliacha kushuka na ikaanza kupanda tena, kana kwamba mwili umezoea. Ili kulifumbua, Beutler, Dern na Alving walitumia chuma chenye mnururisho. Chuma hicho huingia tu kwenye chembe zinazotengenezwa wakati huo katika uboho wa mifupa, kwa hiyo kinakuwa kama muhuri wa tarehe ya kuzaliwa. Wakaona kwamba chembe changa huvumilia dawa na chembe zee ndizo zinazovunjika. Mgonjwa hakuwa amezoea dawa. Zee zilikuwa zimekwisha, zikabaki changa. Inanigusa kwamba chuma, ambacho kingekuja kumshughulisha hadi mwaka wa mwisho wa maisha yake, kilianza katika kazi zake kama saa ya kupimia umri wa chembe.

Je, ni yeye aliyegundua upungufu wa G6PD?

Hapana, na ni vizuri kutoa haki kwa wenye haki. Beutler aligundua kwamba chembe dhaifu zina kiasi kidogo cha glutathioni, kemikali inayozilinda chembe dhidi ya madhara ya oksijeni, na kwamba glutathioni hiyo huanguka vibaya chembe zinapokutanishwa na dawa fulani ndani ya mrija wa maabara. Alitengeneza kipimo kutokana na jambo hilo, na kwa mara ya kwanza mtu aliweza kujulikana kuwa yumo hatarini bila kumezeshwa dawa yenyewe. Hatua iliyofuata, ya kutambua kwamba kinachokosekana ni kimeng'enya kiitwacho G6PD, ilichukuliwa na Paul Carson na wenzake wa Chicago mwaka 1956. Kimeng'enya hicho ndicho kinachoipa chembe nyekundu nguvu ya kuirejesha glutathioni katika hali ya kufanya kazi. Kikipungua, chembe inakuwa haina ngao.

Utafiti uliofanywa kwa wafungwa ulikuwa halali?

Kwa vigezo vya wakati ule, wafungwa walijitolea na kutia saini. Kwa vigezo vya leo, mtu aliyefungwa, anayetarajia kupunguziwa kifungo au kupata malipo, hahesabiwi kuwa na uhuru kamili wa kukubali au kukataa. Hoja hiyo haikuanza jana: mawakili wa madaktari wa Kinazi walioshtakiwa Nuremberg waliutaja utafiti wa Stateville katika utetezi wao. Majaribio katika gereza hilo yalisitishwa katika miaka ya 1970. Maoni yangu ni kwamba tunapofundisha upungufu wa G6PD tuwataje pia wanaume wale, ambao majina yao hayamo katika vitabu vyetu vya kiada, kwa maana maarifa tunayoyatumia kila siku yalitoka kwenye mishipa yao.

Kipimo cha tone linalong'aa hufanyaje kazi?

Kipimo hiki Beutler alikibuni katika miaka ya 1960, na kinaendelea kutumika katika maabara nyingi duniani kwa sababu hakihitaji mashine ya gharama. Tone dogo la damu huchanganywa na maji ya kemikali yanayozipasua chembe na kukipa kimeng'enya chakula chake. Kila baada ya dakika kadhaa mtaalamu huchukua tone la mchanganyiko na kulidondosha kwenye karatasi ya kuchujia, halafu huiacha ikauke. Kisha huzima taa ya chumba na kuwasha taa ya mionzi ya urujuanimno. Ikiwa kimeng'enya kipo, tone la kwanza ni jeusi, la pili linaanza kung'aa kwa rangi ya samawati, na la tatu linawaka waziwazi. Ikiwa hakipo, matone yote matatu yanabaki giza. Aliyewahi kusimama katika chumba hicho cha giza, akiwa na karatasi ya mtoto mchanga mwenye macho ya njano, anajua uzito wa kulisubiri tone la tatu.

Kipimo kina mipaka yake. Kikifanywa mara tu baada ya mgonjwa kuvunjika chembe, kinaweza kuonyesha kwamba hana tatizo, kwa sababu ileile iliyogunduliwa Stateville: zee zimekufa na zilizobaki ni changa zenye kimeng'enya cha kutosha. Katika hali hiyo inabidi kurudia kipimo baada ya miezi kadhaa. Vilevile hakiwatambui vizuri wanawake waliorithi kasoro kutoka kwa mzazi mmoja.

Kwa nini wanawake hao ni vigumu kuwatambua?

Jeni ya G6PD iko kwenye kromosomu X. Mwanamume anayo moja tu, kwa hiyo ama ni mzima au ana upungufu. Mwanamke anazo mbili, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mwenye jeni moja nzima na moja yenye kasoro atakuwa na chembe ambazo zote zina nusu ya kimeng'enya. Beutler aliona kwamba hesabu hiyo haiendani na kile alichokiona katika damu. Mwaka 1962, pamoja na wenzake, alionyesha kwamba mwanamke wa aina hiyo ana makundi mawili ya chembe yaliyochanganyika: zingine zina kimeng'enya kamili, zingine karibu hazina kabisa. Maana yake, katika kila seli ya mwanamke kromosomu X moja huzimwa mapema sana maishani, na uzao wote wa seli hiyo huendelea na uchaguzi huohuo.

Mary Lyon wa Uingereza alikuwa ametoa wazo hilo mwaka 1961 kutokana na rangi za manyoya ya panya, na sifa ya kwanza ni yake. Beutler aliifikia fikra hiyo kwa njia yake mwenyewe, na aliithibitisha kwa binadamu. Faida kwa hospitali ni ya moja kwa moja: uwiano wa makundi hayo hutofautiana kati ya mwanamke na mwanamke, kiasi kwamba dada wawili waliorithi jeni ileile wanaweza kupewa dawa ileile, mmoja asipate lolote na mwingine aanguke.

Haya yote yanahusu Afrika Mashariki kwa vipi?

Yanahusu kwa karibu sana. Upungufu wa G6PD unakadiriwa kuwapata watu zaidi ya milioni 400 duniani, na umeenea hasa mahali ambapo malaria imeishi na watu kwa vizazi vingi. Anthony Allison, aliyekulia Kenya na ambaye tayari alikuwa ameonyesha uhusiano wa selimundu na malaria, alichapisha mwaka 1960 matokeo kuhusu upungufu huu katika chembe za damu za watu wa Afrika Mashariki. Lucio Luzzatto, Mwitaliano aliyefanya utafiti Ibadan, Nigeria, na ambaye miaka mingi baadaye alifundisha tiba ya damu katika chuo kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, alionyesha kwamba katika wanawake wenye chembe mchanganyiko, vimelea hustawi zaidi ndani ya chembe nzima kuliko zenye kasoro. Yaani mchanganyiko aliouonyesha Beutler ndio uliowezesha kuona kinga hiyo ndani ya mwili wa mtu mmoja.

Kwa upande wa dawa, tahadhari ya Stateville haijapitwa na wakati. Dawa ya malaria iliyochanganya kloproguanili na dapsoni, ambayo watoto wengi wa Afrika waliwekewa matumaini nayo, iliondolewa sokoni mwaka 2008 baada ya kuonekana kwamba inawavunja chembe wenye upungufu wa G6PD. Primakwini nayo imerudi kwa njia nyingine: tangu mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi moja ndogo, miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito, ili kuzuia mgonjwa asiwaambukize mbu, dozi ambayo hutolewa bila kupima G6PD kwanza kwa kuwa ni ndogo. Mgonjwa mwenye upungufu huu afanye nini? Amwambie kila mhudumu wa afya na kila muuza duka la dawa kabla ya kupokea dawa yoyote, na aandikiwe jambo hilo kwenye daftari lake la kliniki.

Mchango wake kuhusu chuma ulikuwa upi?

Kwanza hesabu fupi. Mwili wa mtu mzima una takriban gramu 3 hadi 4 za chuma, na theluthi mbili hivi zimo ndani ya hemoglobini, protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni. Kila siku tunafyonza miligramu 1 au 2 tu kutoka kwenye chakula, ilhali uboho unahitaji zaidi ya miligramu 20 kutengeneza chembe mpya. Kilichobaki kinatoka kwenye chembe zee, ambazo huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa na chuma chake kutumika upya. Mwili hauna njia ya makusudi ya kutoa chuma kilichozidi. Mlango pekee wenye mlinzi ni utumbo.

Vitabu vya miaka ya 1950 vilisema kwamba chuma kikipungua, kinachoathirika ni hemoglobini, na kwamba vimeng'enya vya tishu vinavyobeba chuma havipungukiwi kamwe. Beutler aliwapima panya waliolishwa chakula kisicho na chuma, akaona kwamba vimeng'enya hivyo hupungua kweli, na baadhi hupungua mapema. Kama ni hivyo, akajiuliza, je, mtu hawezi kuugua kwa kukosa chuma hata kabla damu yake haijapungua?

Swali hilo alilipeleka kwa wanawake waliokuwa wakilalamika uchovu wa muda mrefu lakini wakiambiwa damu yao inatosha. Yeye na wenzake waliangalia akiba ya chuma katika uboho, kisha wakawapa vidonge vya chuma na vidonge visivyo na dawa, bila mgonjwa wala daktari kujua kipi ni kipi. Wanawake waliokuwa wamekwishiwa akiba ndio walioona nafuu kwa chuma. Matokeo yalitoka mwaka 1960 na yakasahauliwa na wengi. Mwaka 2003 watafiti wa Uswisi walifanya jaribio la aina hiyo kwa kutumia kipimo cha feritini na kupata jibu la upande uleule. Ni wanawake wangapi, katika miaka hiyo arobaini na kitu, walioambiwa kwamba wanajidekeza?

Kwa hiyo mtu mwenye uchovu anunue vidonge vya chuma?

Asinunue kabla ya kupimwa. Uchovu una sababu nyingi, na chuma kisichohitajika si kitu cha kuchezea, hasa kwa watoto wa maeneo yenye malaria. Katika kisiwa cha Pemba ulifanyika utafiti mkubwa uliohusisha watoto zaidi ya 24,000, ambapo baadhi walipewa chuma pamoja na asidi ya foliki bila kupimwa kwanza. Ilibidi sehemu hiyo isitishwe kabla ya wakati, kwa sababu waliopewa chuma walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kuugua vibaya au kufariki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Hata hivyo, katika kundi dogo lililopimwa na kufuatiliwa kwa karibu, watoto waliokuwa kweli na upungufu wa chuma na damu walinufaika. Mjamzito anayepewa vidonge kliniki aendelee navyo kama alivyoelekezwa. Maelezo haya hayamhusu. Na kwa yeyote anayevimeza, avitenganishe na chai, kwani kemikali za majani ya chai ziitwazo tanini hukamata chuma kabla utumbo haujakifyonza.

Hemokromatosisi ni nini, na kwa nini alipingana na wenzake kuihusu?

Ni ugonjwa wa kurithi ambapo mlinzi wa utumbo hasinzii tu, bali anaacha mlango wazi. Chuma huingia kidogo kidogo kwa miaka mingi na kujaa kwenye ini, kongosho, moyo na viungo. Mwaka 1996 iligunduliwa jeni inayohusika, ikaitwa HFE, na ikaonekana kwamba kati ya watu wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya, wenye nakala mbili za badiliko liitwalo C282Y ni wengi mno: takriban mmoja katika kila watu 200 au 300. Wataalamu wengi walitaka kila mtu apimwe. Ilionekana kuwa ni hoja isiyo na pingamizi, kwani tiba ni rahisi: mgonjwa hutolewa damu, na kila nusu lita huondoka na miligramu 200 hadi 250 za chuma.

Beutler akauliza kitu ambacho hakikuwa kimepimwa: kati ya wenye nakala mbili, ni wangapi huugua kweli? Pamoja na wenzake aliwapima watu 41,038 waliokuja kliniki ya uchunguzi wa afya huko San Diego. Walipatikana 152 wenye nakala mbili. Miongoni mwao ni mmoja tu aliyekuwa na dalili zinazolingana na ugonjwa huo. Walipowalinganisha na watu wasio na badiliko hilo, uchovu na maumivu ya viungo vilikuwa sawasawa kwa pande zote. Makadirio yao, yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2002, ni kwamba chini ya asilimia 1 ya wenye nakala mbili hupatwa na ugonjwa kamili.

Wengi walikasirika. Baadhi yao walikuwa wamewatibu wagonjwa waliokufa kwa ini kuharibika, na waliona kwamba takwimu hizo zinawafuta wagonjwa wao. Nadhani pande zote mbili ziliona kitu cha kweli. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba, kwa wanaume hasa, hatari ni kubwa kuliko Beutler alivyokadiria: takriban mwanamume mmoja kati ya watano wenye nakala mbili alikuwa amegunduliwa na ugonjwa huo kufikia mwisho wa ufuatiliaji. Hesabu yake imesahihishwa, lakini swali lake lilibaki kuwa la lazima, na hadi leo linaulizwa kila jeni mpya inapotangazwa kuwa ni ya ugonjwa fulani.

Badiliko la C282Y ni adimu sana kwa Waafrika wasio na asili ya Ulaya. Kuna ugonjwa mwingine wa chuma kuzidi uliochunguzwa kusini mwa Afrika, unaohusishwa na pombe ya kienyeji iliyopikwa katika vyombo vya chuma, lakini huo si huu.

Alisema nini kuhusu kiwango cha kawaida cha hemoglobini?

Viwango vinavyotumika sana, gramu 13 kwa desilita kwa wanaume na 12 kwa wanawake wasio wajawazito, vilitoka Shirika la Afya Duniani mwaka 1968, na vilisimama juu ya takwimu chache. Mwaka 2006 Beutler na Jill Waalen walichambua takwimu kubwa za Marekani na kupendekeza mipaka mipya. Kwa wanawake vijana Weupe walipata 12.2, kwa wanawake Weusi 11.5. Sehemu ya tofauti hiyo inaelezwa na thalasemia ya alfa, hali ya kurithi iliyoenea kwa watu wenye asili ya Afrika, lakini sehemu nyingine haikupata maelezo.

Hili ni jambo la kushughulikiwa kwa uangalifu. Kuligawa kundi la watu kwa rangi ya ngozi ni njia dhaifu ya kupima urithi, na kushusha mpaka kwa Waafrika kunaweza kuficha minyoo, malaria na lishe duni. Lakini kumpa chuma kwa miezi mingi mwanamke wa pwani ya Kenya au Tanzania ambaye damu yake iko chini kidogo kwa sababu ya thalasemia ya alfa, na ambaye akiba yake ya chuma imejaa, nako hakumsaidii. Jibu ni kupima feritini pale inapowezekana, na si kuridhika na namba moja.

Je, alitibu magonjwa mengine?

Ndiyo, na orodha ni ndefu. Aliweka msingi wa vipimo vya galaktosemia, hali ya kurithi ambapo mwili hushindwa kuitumia sukari iitwayo galaktosi iliyomo katika maziwa, na aina moja ya hali hiyo inaitwa Duarte kwa jina la mji alikokuwa akifanyia kazi. Alichunguza namna ya kuhifadhi damu ya kuongezewa wagonjwa. Katika ugonjwa wa Gaucher, wa kurithi, ambapo kwa kukosa kimeng'enya fulani mafuta hujikusanya kwenye ini, wengu na mifupa, alitambua mabadiliko ya jeni, na tiba ya kimeng'enya ilipopatikana kwa bei ya kuvunja mgongo, alipigania dozi ndogo zaidi ili wagonjwa waimudu. Pamoja na Dennis Carson na wenzake wa Scripps alionyesha uwezo wa dawa ya kladribini dhidi ya aina ya saratani ya damu ambayo seli zake huonekana kama zina nywele: mwaka 1990 waliripoti kwamba kati ya wagonjwa 12 waliopewa dripu moja ya siku saba, 11 walipata nafuu kamili. Na kwa kuwa alichoshwa na kupanga marejeo ya makala zake kwa mkono, alishirikiana na mwanawe Earl kutengeneza programu ya kompyuta ya kazi hiyo, ambayo ilikuja kutumiwa na watafiti wengi.

Alipewa tuzo ya Gairdner ya Kanada mwaka 1975, akachaguliwa kuwa mwanachama wa chuo cha taifa cha sayansi cha Marekani mwaka 1976, na mwaka 1979 aliongoza chama cha wataalamu wa damu cha nchi hiyo.

Panya wa barakoa ni nani, na ana uhusiano gani na Beutler?

Mwana mwingine wa Beutler, Bruce, ni mtafiti wa kinga ya mwili. Naye alikuwa Scripps, ambako alikuwa akizalisha panya wenye mabadiliko ya jeni ya kubahatisha na kuangalia kila kizazi kipya kimetokea na nini. Siku moja alionekana panya asiye na manyoya mwilini lakini mwenye manyoya kamili usoni, kana kwamba amevaa barakoa. Wakampa jina hilo. Walipompima walikuta ana upungufu wa damu na chembe zake ni ndogo, kama za mtu aliyekosa chuma. Walipomwongezea chuma, manyoya yalirudi.

Sasa baba na mwana walikuwa na ugonjwa mmoja wa kuchunguza pamoja. Kufikia wakati huo ilikuwa imeshajulikana kwamba ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo huifunga milango ya chuma kwenye utumbo na kwenye seli zinazohifadhi chuma. Mwili ukikosa chuma, hepsidini inapaswa kushuka ili milango ifunguke. Kwa panya wa barakoa hepsidini ilibaki juu ingawa alikuwa na njaa ya chuma, na chuma cha chakula cha kawaida kilipita tumboni bila kufyonzwa vya kutosha. Kasoro ilikuwa katika jeni ya TMPRSS6, ambayo kazi yake ni kuliambia ini kwamba chuma kimepungua. Makala yao ilitoka katika jarida la Science mwezi Mei 2008. Mwaka huohuo kundi jingine lilionyesha kwamba familia zenye upungufu wa chuma usiosikia vidonge zina kasoro katika jeni hiyohiyo.

Ernest Beutler alifariki miezi mitano baadaye, na hakuishi kumwona Bruce akipokea Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2011. Kazi ya panya wa barakoa inaendelea. Ikiwa TMPRSS6 isiyofanya kazi huinua hepsidini na kuzuia chuma, basi kuizima kwa makusudi kunaweza kuwafaa wale ambao chuma kimewazidi au ambao damu yao inatengenezwa kupita kiasi, na dawa za kuizima zimejaribiwa kwa wagonjwa wa thalasemia ya beta, ugonjwa wa kurithi wa hemoglobini, na wa polisaithemia vera, ugonjwa ambapo uboho hutengeneza chembe nyekundu kupita kiasi.